Dripu Sita za Mwalimu Klachi

Tarehe 6 Februari

Kaka Sufuria,

Shikamoo. Natumaini uko salama na bahari imekupa nafasi ya kupika bila kuvifunga vifuniko kwa kamba. Sisi huku tupo. Shangazi amehamia chumba cha nyuma tangu mwezi uliopita na amekwisha lipanga jiko upya, sasa kutafuta kijiko ni safari ya kubeba maji. Mimi bado nasaga lenzi pale duka la miwani. Juzi nilimkabidhi hakimu mmoja miwani yake mpya, akaivaa, akanitazama, akasema, "Kumbe wewe ni msichana!" Miaka miwili amekuwa akiniita kijana.

Baba anakusalimu. Anasema ni mzima. Ukipiga simu kutoka bandarini ataninyang'anya na kukwambia hivyo hivyo, tena kwa ile sauti yake ya kufundishia watu gari. Ndiyo maana naandika.

Kaka, Baba si mzima.

Ilianza na shati. Suruali zilikuwa zinamvuka, mkanda ametoboa matundu mawili mapya, lakini kola ya shati ikawa haifungi. Mtu anakonda chini, ananenepa shingoni! Nikamshika chini ya taya nikakuta uvimbe kama yai. Kwapani lingine. Mashuka yake yalikuwa yanaamka yamelowa kana kwamba ameoga nayo. Nilimburuta hospitali kuu, wakamkata kinyama kidogo wakakipime, na jana tuliitwa.

Daktari wa damu ni mama mfupi anayevaa raba. Hakuzunguka. Alisema ni limfoma, saratani ya tezi, na tena ni ile aina kali, inayokimbia.

Baba akauliza, "Inakimbia kwa spidi gani?"

"Bila dawa, mzee, tunahesabu miezi."

"Na kwa dawa?"

Hapo yule mama akasogeza kiti. "Sikiliza. Mwendo wake ndio ubaya wake, na ndio udhaifu wake. Dawa zetu hupiga chembe zinazozaana haraka. Ile inayojikokota hujificha miaka. Hii ya kwako inakimbia barabarani mchana kweupe, na inayokimbia inaweza kukamatwa, ikaisha kabisa."

Kabisa! Alilitamka neno hilo, nimelisikia kwa masikio yangu. Kisha akataja hesabu, wangapi hupona kati ya kumi. Hiyo sikuandikii. Baba ameisikia, mimi nimeisikia, inatosha.

Ni dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza ni tarehe kumi. Nisikufiche, nilitoka pale na hofu, lakini haikuwa hofu tupu. Nilikuwa kama mchezaji anayesubiri filimbi.

Sikwambii uje. Nakwambia tu.

Mdogo wako,
Honi


Tarehe 12 Machi

Kaka,

Shikamoo tena, japo ile ya kwanza hujaiitikia. Au meli nzima haina kalamu? Shangazi anakusalimu na kuuliza kama unavaa soksi. Hapa dukani tumeletewa mashine mpya ya kusagia, inalia kama mbuzi, bosi ameipenda kuliko wanawe.

YAI LIMEYEYUKA!

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimekwisha wapigia kelele majirani wote na waliobaki ni wewe. Siku ya nne baada ya dripu ya kwanza nilimgusa nikadhani nimekosea upande. Yai limekuwa haragwe! Baada ya ya pili, tarehe tatu, haragwe nalo halipo. Baba amesimama mbele ya kioo anafunga kola, anafungua, anafunga, kama mtoto aliyepata zipu.

Dawa yenyewe ni vituko. Moja ni nyekundu kama juisi. Baba alikwenda msalani, akarudi ameshika ile nguzo ya dripu kama mkuki, akatangazia wodi nzima, "Jamani, rejeta yangu inavuja!" Nesi akamwambia ni rangi ya dawa tu, itaisha. Wagonjwa walicheka mpaka mmoja akachomoka sindano.

Nywele zimekwenda zote, na nyusi. Kinywani alitoka vidonda wiki nzima, alikuwa anakula machozi. Hilo nalo uliandike moyoni, si mchezo. Lakini kuna vidonge anavimeza siku tano za mwanzo, na siku hizo tano, Kaka, hashikiki! Saa kumi na mbili asubuhi ameosha gari, amefua, amegombana na Shangazi, amepatana naye.

Sasa sikia. Ncha za vidole zimekufa ganzi kwa dawa, na daktari amemkataza kuendesha kwa kuwa hausikii usukani. Mwalimu Klachi, aliyefundisha nusu ya mji huu, amekatazwa usukani! Alikaa kibarazani kama saa moja. Halafu akaniita.

"Honi. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita, Baba."

"Na hujui gari."

"Hukunifundisha."

Wewe unajua ni kwa nini. Kile kiti cha kurithi shule yake ya gari kilikuwa chako, na ulipoondoka kilibaki wazi kama jino lililong'oka, hakuna aliyethubutu kukitaja.

Akanirushia ufunguo. "Vaa viatu vya maana."

Nimezima gari mara kumi na nne siku ya kwanza. Andika basi, hata mstari mmoja.

Honi


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu Honi,

Marahaba, mara mbili. Mimi ni mzima, na soksi ninavaa, mwambie Shangazi. Tuko watu ishirini na wawili melini na wote wanataka mayai kwa namna tofauti. Injinia mkuu ameacha chumvi kwa amri ya mkewe, basi anakuja jikoni kuiba kama panya.

Usinilaumu kwa kimya. Mfuko wa barua tumeupata bandarini wiki hii tu, na barua zako mbili zilikuwa pamoja. Bahati mbaya nilianza na ile nene. Nikafungua nakuta YAI LIMEYEYUKA! Nikajiuliza, yai gani linayeyuka, na mimi mpishi? Nikasoma mpaka mwisho, naruka jikoni, namkumbatia injinia na chumvi yake mkononi, nashangilia Baba kupona bila kujua aliugua nini. Ndipo nikafungua ile ya Februari. Nilikaa juu ya gunia la viazi. Lakini unaona, nilikwisha shangilia, na furaha ikishaingia haitoki kirahisi.

Kuhusu chakula, msimpe vitu vya moto vyenye harufu siku za kwanza. Mpe vilivyopoa, kidogo kidogo, na kijiko kiwe cha mbao au plastiki, maana cha chuma kitamwachia ladha ya kutu mdomoni. Supu ichujwe. Kidonda cha kinywa kisuuzwe kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula na baada. Najua hayo. Nilijifunza wakati wa ugonjwa wa Mama.

Hapa kumechafuka kidogo baharini, naandika huku nimeshikilia sufuria kwa goti.

Mkataba wangu unanifunga, unaelewa. Mbusu Baba mkono. Usimwambie nilikaa juu ya viazi.

Kaka yako


Tarehe 13 Aprili

Kaka Sufuria,

Shikamoo! Kijiko cha mbao kimefanya kazi! Baba amekula bakuli zima, akaomba tena, Shangazi akatoka nje kwenda kulia kwenye kamba ya nguo. Tulikuwa tunahangaika wiki nzima, kumbe kosa ni la kijiko.

Sasa keti, na si juu ya viazi.

Walimpiga picha ya katikati baada ya dripu ya tatu. Wanamdunga sukari yenye mng'ao, halafu popote penye ugonjwa panawaka. Daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta. Picha ya kabla ya dripu ya kwanza ilikuwa kama mji wakati wa sikukuu, shingo inawaka, kifua kinawaka, tumbo, nyuma ya mgongo. Nilihesabu taa kumi na moja. Kisha akafungua ya juzi. Giza! Giza tamu, Kaka! Zilibaki mbili tu, kifuani, hafifu.

Baba akasema, "Hao wawili wamebaki kuzima mitambo."

Daktari alicheka, kisha akarudisha uso wake wa kazi. Akasema ni dalili nzuri sana, lakini tusivue viatu, dripu tatu zilizobaki ni za lazima zote, na baada ya hapo ndipo atakapojua. Nikamuuliza, je, ile hesabu yake sasa imepanda? Akasema, "Hesabu ni ya watu wengi, dada. Huyu ni mmoja." Jibu gani hilo? Nimelitafuna njia nzima.

Gari sasa ninaendesha. Nasema ninaendesha! Naingia barabara kubwa, nabadilisha gia bila kulitikisa. Isipokuwa Jumamosi nilipiga rivasi nikaingia na kamba nzima ya nguo, nikatoka uani nikiburuta gauni la Shangazi. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaniambia, "Unatazama unachokiogopa, ndiyo maana unakigonga. Mkono hufuata jicho. Tazama unakotaka kwenda." Anawaambia hivyo wanafunzi wote, lakini safari hii alilisema taratibu, kama anajisemea.

Baba huwa anauliza barua yako imeandikwa nini. Namsomea. Ile sehemu ya wakati wa Mama niliiruka.

Mkataba wako unaisha Mei, nakumbuka vizuri. Tutakuona?

Honi


Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini ya tano imekwenda salama. Hapa joto ni kali, jiko limekuwa tanuri na mimi ndiye mkate. Injinia amerudia chumvi hadharani.

Mkataba nimeuongeza miezi sita. Mpishi wa kupokezana naye hajapatikana, na nahodha aliniomba. Kwa hiyo itakuwa Novemba. Hata hivyo mambo yanakwenda vizuri, wewe mwenyewe unasema, taa zimezimwa. Mimi nikija nitafanya nini? Nitakaa kitini tu nimtazame. Wewe una gari, Shangazi ana jiko.

Ile hesabu ya daktari usiniandikie.

Msalimie Baba. Hongera kwa rivasi.

Kaka


Tarehe 19 Mei

Kaka,

Salamu nakupa kwa kuwa nimelelewa. Tuko wazima, neno hilo leo nalitumia kwa uangalifu.

Barua yako ilifika mchana wa tarehe kumi na tano. Nilikuwa nimefika pale kwenye "nitakaa kitini tu" Shangazi alipoita. Baba alikuwa amejikunja kitandani anatetemeka, meno yanagongana. Nikampima: thelathini na nane na nusu.

Tulikwisha onywa. Siku ya kumi baada ya dripu, chembe nyeupe za damu zinakuwa zimefagiliwa zote, mwili hauna askari hata mmoja. Homa ikipita thelathini na nane usisubiri, usimpe kidonge ukaona, kimbia. Na hospitali kuu ni saa nzima, kupitia zile kona saba za mlimani. Dereva wa teksi anayetupeleka kila mara, mwanafunzi wa Baba wa zamani, alikuwa amepeleka abiria mji mwingine. Gari la wagonjwa walisema labda saa kumi. Ilikuwa saa nane mchana.

Baba akasema, "Ufunguo uko kwenye msumari."

"Sina leseni, Baba. Nina ile ya mwanafunzi."

"Sheria inasema mwanafunzi akae na mwalimu mwenye leseni. Ninayo. Haikusema mwalimu awe na homa ya digrii ngapi."

Nikamfunga mkanda kiti cha mbele. Shangazi akaingia nyuma na mto, blanketi na, usiniulize kwa nini, pasi ya umeme. Nikaondoka. Sikuzima hata mara moja!

Baba alikuwa amefumba macho njia nzima. Anasikiliza injini, basi.

"Inalia. Mpe ya tatu."

Nampa.

"Baba, mbele kuna lori."

"Lori lina mambo yake. Kaa nyuma. Kona ikiisha utaona."

"Tutachelewa!"

"Tuna haraka, Honi. Hatuna pupa."

Mvua ikaanza kona ya nne. Nikalipita lori kwenye mnyoofu, Shangazi anaomba kwa sauti, pasi inagonga mlango. Kisha nikaona Baba hasemi tena. Kichwa kimeegemea dirisha. Mbele yangu kile kilima kikali cha mwisho, gari linaanza kuchoka, linatetemeka.

"Baba! Gia gani? Baba!"

Nikamgusa goti.

"Baba, niambie gia!"

Akasema, polepole sana, bila kufumbua macho, "Unaijua."

Na kweli, Kaka, nilikuwa naijua. Nikaikanyaga klachi, nikashusha ya pili, gari likapanda kama mbuzi. Nilipiga honi tangu getini mpaka mlango wa dharura, nikaegesha vibaya kabisa, nimeziba kila mtu. Manesi wawili wakatoka wananifokea, wakamwona, wakaacha kufoka. Ndani ya dakika kumi alikuwa na dawa mshipani. Daktari alikuja na raba zake, akaangalia saa, akasema, "Mmeniletea kwa wakati. Jioni ningekuwa na maneno mengine."

Alilazwa siku nne. Leo asubuhi tumemrudisha nyumbani, nimeendesha mimi, teksi ikitufuata nyuma kwa heshima kama msafara wa rais.

Sasa nikwambie kuhusu kiti. Kipo kimoja kando ya kitanda chake, cha plastiki ya kijani, mguu mmoja mfupi. Nilikikalia siku nne. Sikufanya lolote. Nilikaa, akaamka, akaniona, akalala tena. Kila alipoamka aliniona. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Kaka, na ilikuwa inahitaji watu wawili.

Hesabu ni sita. Sita kati ya kumi. Umekataza nisiiandike na nimeiandika, kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu kama gunia la mwenye duka. Sita ni nyingi kuliko nne. Kila asubuhi nasema hivyo nikipiga mswaki.

Honi


Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu Honi,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia. Nilipofika penye "unaijua" nilitoka jikoni nikaenda kusimama kwenye sitaha, ubwabwa wa watu ishirini na wawili ukaungua, na hakuna aliyenisema. Nadhani waliniona uso.

Umefanya kazi ya dereva wa miaka ishirini. Mtu mwingine angemuua njiani kwa hofu. Nataka ulijue hilo kabla sijasema la pili.

La pili ni kwamba nilikudanganya. Barua yako ya kwanza haikuchelewa. Niliipata tarehe 19 Februari. Mwandiko wako ulikuwa umelala upande, nikajua kabla sijafungua. Niliisoma, nikaikunja, nikaizika ndani ya pipa la unga, na kila siku nilipochota unga wa mkate niliigusa. Wiki sita nilikaa nayo. Ile habari ya kufungua nene kwanza, kuruka, kumkumbatia injinia, niliitunga. Posta haina kosa. Mimi ndiye niliyeshindwa kushika kalamu mpaka iliponifikia ile ya furaha.

Nikueleze kwa nini, na hili hajui mtu. Wewe ulikuwa shule ya bweni Mama alipougua. Siku moja daktari aliniita koridoni, mimi peke yangu, kijana wa miaka ishirini na mbili, akasema, "Miezi mitatu." Baba alikuwa kazini. Jioni akaniuliza, daktari kasemaje? Nikasema, kasema ale vizuri. Basi nikawa mpishi. Nilipika, nilichuja, nilimlisha kwa kijiko cha mbao, na nilihesabu siku, na kila mtu nyumbani alikuwa ananisifu kwamba Mama ananenepa usoni. Siku tisini na moja. Sikumwambia Baba, mpaka leo. Alipata nafasi ya kumuaga mkewe na mimi nikamnyima, nikidhani namhurumia. Sikwenda baharini kwa sababu ya kuchukia gari, Honi. Nilikuwa siwezi kumtazama.

Ulipoandika Februari kuwa hutanitajia hesabu, nilishukuru. Ninajua hesabu ya aina moja tu. Sasa umenipa sita, na tangu hapo ninaizungusha kichwani kama mtu aliyepewa fedha ya nchi asiyoijua.

Nimekwenda kwa nahodha. Nilimweleza yote, hata pipa la unga. Alichana karatasi ya nyongeza mbele yangu, akasema wapishi huokotwa, baba haokotwi. Nateremka tarehe mbili Agosti, na gari moshi nitalipanda siku hiyo hiyo. Nimekwisha funga sanduku, na bado wiki saba! Kila asubuhi nalifungua kutoa shati, nalifunga tena.

Mwambie Baba mambo haya au niachie niyaseme mwenyewe, utakavyoona. Na kile kiti cha shule ya gari si changu. Kilikuwa kinamsubiri anayejua kupiga honi.

Ndugu yako


Tarehe 18 Julai

Kaka Sufuria,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nakuandikia barua itakayokukuta bandari ya mwisho kabla ya kuteremka. Nimeuliza posta mara tatu.

Nikianza na yako: ningekuwa karibu ningekutia konzi, halafu ningekukumbatia, kwa mpangilio huo. Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nilimwambia Baba, kwa sababu nimejifunza mwaka huu kwamba katika nyumba hii siri zinatuua kabla ya tezi.

Alikuwa anaganga tairi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mama yenu aliniambia mwenyewe, wiki ya kwanza tu. Alisema mtoto ameambiwa jambo zito na anadhani analificha. Akaniomba nisimharibie, kwamba kupika ndiko kunakomsimamisha. Tukaagana, mimi na mama yenu, kila jioni miezi mitatu. Tuliagana vya kutosha."

Halafu akaweka spana chini, Kaka, akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, uso ukawa mweusi wote. Akasema, "Miaka saba nimengoja aniambie. Nikadhani ananichukia. Mwambie aje haraka, nimechoka kuwa na adabu."

Basi ndivyo. Wote mlikuwa mnahurumiana, kila mmoja kwenye kona yake. Wanaume!

Leseni nimepata tarehe saba. Mtahini alikuwa mkali, jasho lilinitoka mpaka viatuni, lakini nilipanda kilima, nikasimama katikati, nikaondoka bila kurudi nyuma hata inchi. Akaandika "amefaulu" kana kwamba anasaini kifo chake. Nilipiga kelele ndani ya gari lake! Wanafunzi wa Baba wawili wamekwisha kubali kuanza nami.

Na sasa hili. Picha ya mwisho, baada ya dripu ya sita, ilikuwa tarehe kumi na mbili, majibu tarehe kumi na tano. Sikulala, Baba hakulala, Shangazi alipiga pasi nguo zote za nyumba. Tuliingia kwa daktari tumeshikana mikono watatu kama watoto wa chekechea. Akageuza kioo. Mtu mzima wa kijivu, kuanzia kichwa hadi mapaja. Nilitafuta zile taa mbili nikadhani miwani yangu ina vumbi.

Daktari akasema, "Hatuoni kitu."

Baba akasogea mbele. "Hamuoni, au hakipo?"

Yule mama alivua miwani yake. "Swali zuri, mzee. Leo najibu la kwanza tu: hatuoni. Ukirudi hapa kila miezi mitatu, na miaka miwili ikapita bila kuona, nitakuwa na ujasiri wa kukujibu la pili."

"Miaka miwili," akasema Baba. "Nitakuwa nimefundisha watu wengi."

Shangazi alipiga kigelegele ndani ya ofisi ya watu. Nesi akakimbia kuja kututuliza, akaambiwa, akapiga na yeye! Mimi nilicheka na kulia pamoja, kamasi mpaka kwenye faili. Sikuuliza hesabu. Ningeiuliza na ningeambiwa, lakini sikuwa na kazi nayo.

Tukaondoka. Shangazi alibaki kule kule kununua kitambaa cha gauni. Mimi usukani, Baba kando. Nikawa naongea, nikamweleza utakapofika, tutakapokulaza, utakachotupikia. Kona ya saba, ya sita, ya tano, naongea tu. Kwenye kona ya nne nikagundua hanijibu. Nikatazama.

Amelala.

Kaka, unalijua gari letu. Upande wa mwalimu lina breki yake. Miaka thelathini na moja mguu wa Baba haujaondoka kwenye breki ile. Hata tukienda dukani, hata dereva akiwa mwenye leseni ya basi, anakaa wima, jicho barabarani, kiatu kimening'inia juu ya chuma. Sijapata kumwona amelala kwenye gari, hata siku ya homa. Safari hii alikuwa amevua viatu. Miguu ameikunja chini ya kiti, soksi mbili za rangi tofauti, mdomo wazi, anakoroma. Na kichwani, pale kwenye upara, jua linamulika vinywele vipya, laini kama vya kifaranga.

Nilifika njia panda ya nyumbani, nikaiacha. Nilipita soko, nikapita stesheni, nikarudi kwa njia ya shule, gia ya tatu, taratibu, bila honi. Nimeuzunguka mji mara mbili nzima ili asiamke.

Honi